Maswali ya Wasomaji: Ramani ya Miamba ya Sayari Isiyokanyagwa na Mtu

Katika toleo lililopita tulichapisha ramani ya kijiolojia ya Mirihi, ile iliyotolewa mwaka 2014 na Shirika la Utafiti wa Jiolojia la Marekani. Barua zilizotufikia baada ya hapo zilikuwa na maswali mazito kuliko tulivyotarajia. Tumechagua yale yanayogusa msingi wa kazi yenyewe na kuyajibu kwa kirefu kadiri nafasi ilivyoruhusu.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa jiografia. Siku zote nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba mwanajiolojia hutembea na nyundo, huvunja jiwe, hulitazama kwa lenzi, na baada ya hapo ndipo huchora. Sasa mmechapisha ramani ya Mirihi nzima, mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufika. Je, ile ni ramani ya kijiolojia kweli, au ni picha iliyopakwa rangi?

JIBU: Mwalimu, ile ni ramani ya kijiolojia kamili, na kinachoitofautisha na picha ni yale inayoyadai. Picha huonyesha uso wa sayari ulivyokuwa siku ilipopigwa. Ramani ya kijiolojia hudai kwamba eneo hili lote ni mwamba wa aina moja, uliotokea kwa njia moja na katika kipindi kimoja, kwamba mwamba huo unaishia kwenye mstari huu, na kwamba ng'ambo ya mstari kuna mwamba mwingine ambao ama uliutangulia ama uliufuata. Kila mstari ni hoja, na mtu yeyote mwenye picha zilezile ana haki ya kuipinga.

Pasipo nyundo, hoja hizo hujengwa kwa kuweka ushahidi wa aina mbalimbali juu ya eneo lilelile. Wa kwanza ni umbile: kama uso ni laini au umeparuzika, kama una matuta, mifereji au kreta nyingi, yaani mashimo yaliyochimbwa na vimondo. Wa pili ni kimo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, chombo cha Mars Global Surveyor kilirusha miale ya leza kuelekea Mirihi, kikapima muda wa mwale kwenda na kurudi, na kikakusanya vipimo zaidi ya milioni 600 ambavyo ndivyo vilivyotupatia umbo sahihi la sayari ile, ikiwemo tofauti ya kilomita kadhaa kati ya nyanda za juu za kusini na tambarare za kaskazini. Wa tatu ni joto: mwamba mtupu huhifadhi joto la mchana hadi usiku, ilhali vumbi hupoa upesi baada ya jua kuzama, kwa hiyo picha ya joto iliyopigwa usiku hufichua mahali ambapo jiwe limejitokeza na mahali ambapo limefukiwa. Wa nne ni madini, kwa kuwa kila madini hufyonza baadhi ya miale ya mwanga na kurudisha mingine kwa namna yake yenyewe.

Umbile, kimo, joto na madini vinapobadilika kwa pamoja mahali pamoja, mchoraji huweka mstari usiokatika. Kinapobadilika kimoja tu, au mabadiliko yanapokuja polepole katika eneo la kilomita nyingi, huweka mstari wa vikatovikato, yaani anakiri waziwazi kwamba mpaka upo lakini mahali pake halisi hapajulikani kwa usahihi. Ningekushauri uwaelekeze wanafunzi wako waanze kuisoma ramani kwa kutafuta mistari hiyo iliyokatika.

Skeli nayo isisahaulike. Ramani tuliyochapisha ni ya 1:20,000,000, ambapo sentimita moja ni sawa na kilomita 200. Kreta ya Jezero, ambako chombo cha Perseverance kilitua Februari 2021, ina kipenyo cha kilomita 45 hivi. Katika ramani hiyo haizidi sana milimita mbili. Delta ya mto wa kale iliyomo ndani yake, ambayo ndiyo iliyowavuta wanasayansi kuichagua, haiwezi kuchorwa humo hata kwa kalamu iliyochongwa vizuri. Kwa sababu hiyo kila sayari inahitaji ramani za ngazi nyingi, na kwa kazi hiyo uso wa Mirihi umegawanywa katika vipande rasmi 30, wa Utaridi katika 15 na wa Zuhura katika 62.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Katika maelezo ya ramani mliandika kwamba miamba fulani ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 3.7. Ni nani aliyeupima umri huo, na kwa kutumia jiwe gani?

JIBU: Kijana wetu, swali lako lina sehemu mbili ambazo wanajiolojia huzitenganisha kwa makini sana: kipi kilitangulia kipi, na kilitokea miaka mingapi iliyopita. La kwanza hujibiwa kwa uhakika mkubwa, na la pili kwa makadirio.

Msingi wa sehemu ya kwanza uliwekwa na Nicolaus Steno mwaka 1669, alipoeleza kwamba tabaka la chini lilitandazwa kabla ya lile lililo juu yake. Kanuni inayoandamana nayo ni kwamba kinachokata ni kichanga kuliko kilichokatwa. Mtu anayeona njiani alama ya tairi imepita juu ya unyayo hahitaji saa ili ajue kwamba mguu ulitangulia.

Tuichukue sehemu moja ya Utaridi na kuitazama kwa karibu. Januari 2008, chombo cha MESSENGER kilipokuwa kinaipita sayari hiyo kwa mara ya kwanza, kilipiga picha za genge refu ambalo sasa linaitwa Beagle Rupes, lenye urefu unaozidi kilomita 600. Genge hilo linapita katika kreta ya Sveinsdóttir, kreta kubwa iliyorefuka badala ya kuwa mviringo. Ukiifuata sakafu ya kreta kwa macho kutoka upande mmoja, inakwenda tambarare hadi inapofika kwenye genge, halafu inapanda ghafla na kuendelea tambarare upande wa pili ikiwa juu zaidi. Sakafu ni ile ile moja, ila imevunjwa na upande mmoja ukasukumwa juu ya mwingine. Basi mfuatano hauna utata: gimba, yaani jiwe kubwa kutoka angani, liligonga kwanza, sakafu ikatulia, na ganda la sayari likavunjika baadaye. Kreta yoyote iliyokaa juu ya genge ikiwa na ukingo usiokatwa ni changa kuliko genge lenyewe. Magenge ya aina hii yametapakaa Utaridi nzima, nayo ni ushahidi kwamba sayari hiyo imesinyaa kadiri sehemu zake za ndani zilivyopoa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba nusu kipenyo chake kimepungua kwa hadi kilomita 7. Yote hayo yametokana na kuuliza nani amemkata nani.

Sehemu ya pili, ile ya miaka, huanza na kuhesabu kreta. Uso uliokaa wazi muda mrefu umegongwa mara nyingi, na uso uliofunikwa na lava hivi karibuni una alama chache. Hesabu hiyo peke yake hutoa uwiano tu. Ili uwiano ugeuzwe miaka, inahitajika sehemu ambayo kreta zake zimehesabiwa na mawe yake yamepimwa maabara, na sehemu hiyo ni Mwezi. Wanaanga wa Apollo walileta kilo 382 za mawe na udongo kati ya 1969 na 1972, na umri wa mawe hayo ulipimwa kwa kuangalia uozo wa elementi nururifu zilizomo, yaani zile zinazogeuka kuwa nyingine kwa kasi inayojulikana. Lava ya mahali alipotua Apollo 11 ilionekana kuwa na zaidi ya miaka bilioni 3.5. Kwa miaka mingi kipimo hicho kilikuwa na pengo kubwa upande wa miamba michanga zaidi, hadi Desemba 2020 chombo cha China cha Chang'e 5 kilipoleta kilo 1.7 kutoka sehemu yenye kreta chache. Lava ile ilipimwa ikawa na takriban miaka bilioni 2. Kwa maoni yangu, kiasi hicho kidogo cha udongo kimeufaa uchoraji wa ramani za sayari kuliko picha nyingi mpya.

Kipimo cha Mwezi huhamishiwa Mirihi kwa marekebisho, kwa kuwa Mirihi ipo karibu zaidi na ukanda wa asteroidi, vimondo huigonga kwa kasi tofauti, na nguvu yake ya mvutano si ile ya Mwezi. Vipindi vyake vitatu vikuu, ambavyo vimepewa majina ya maeneo ya Noachis, Hesperia na Amazonis, vimepangwa kwa uhakika katika mfuatano wao, lakini miaka inayoandikwa kando ya mipaka yake inaweza kusogea marekebisho yanapoboreshwa. Mpaka wa kipindi cha kwanza na cha pili ndio unaowekwa kwenye miaka bilioni 3.7 uliyoisoma.

Kuna mtego mwingine wa kuujua. Gimba linapogonga, vifusi hurushwa mbali na kutoboa kreta zao wenyewe. Kreta ya Zunil huko Mirihi ina kipenyo cha kilomita 10 tu, lakini inakadiriwa kwamba vifusi vyake vilizaa kreta ndogo zipatazo milioni 10. Atakayezihesabu hizo kana kwamba kila moja ni kimondo kipya ataufanya uso uonekane mzee kupita kiasi. Kwa hiyo wahesabuji waangalifu hutegemea kreta kubwa, na huziacha zile zinazojipanga kwa mistari au vichaka, kwa kuwa mpangilio huo ni dalili ya vifusi.

SWALI: Rangi za ramani ni rangi halisi za mawe?

JIBU: Hapana. Ni alama zilizokubaliwa, na maana ya kila moja imo katika ufunguo wa ramani. Hata picha za Utaridi zenye samawati na rangi ya machungwa zimeongezewa nguvu ili tofauti ndogo za miamba zionekane, kwa sababu kwa macho sayari hiyo ni ya kijivu karibu kila mahali.

Kuliko rangi, mchoraji hujali zaidi jua lilikuwa upande gani picha ilipopigwa. Jua likiwa chini karibu na upeo wa macho, kila tuta hutupa kivuli kirefu na umbile huonekana. Jua likiwa utosini, vivuli hutoweka na kinachobaki ni tofauti ya weupe na weusi wa mawe. Chombo cha Mariner 10 kiliipita Utaridi mara tatu mwaka 1974 na 1975, na kila mara kikaikuta nusu ileile ndiyo yenye mwanga, hivyo kikapiga picha za asilimia 45 hivi ya uso. Bonde kuu la Caloris, lenye upana wa kilomita 1,550 hivi, lilionekana nusu tu, na nusu ya pili ikabaki gizani kwa zaidi ya miaka 30. MESSENGER, iliyoizunguka sayari hiyo kuanzia Machi 2011 hadi Aprili 2015, ilipiga picha za eneo moja mara nyingi, jua likiwa mashariki, magharibi na juu, na kutokana na hizo zikatengenezwa picha unganishi za sayari nzima kwa kila aina ya mwanga.

SWALI: Ninavyofahamu, Zuhura imefunikwa na mawingu mazito daima. Ramani yake imewezekanaje?

JIBU: Kwa rada, ndugu msomaji. Mawimbi ya redio hupenya mawingu yale, hufika chini na kurudi. Chombo cha Magellan kilifanya kazi hiyo kati ya 1990 na 1994 na kilipiga picha za rada za takriban asilimia 98 ya uso wa Zuhura.

Anayezitazama picha hizo hana budi kuacha mazoea ya macho. Ung'avu katika picha ya rada hauonyeshi rangi ya jiwe. Kwa kawaida unaonyesha kwamba uso ni wa mawemawe na umeparuzika, kwa hiyo unarudisha mawimbi mengi, na weusi unaonyesha uso laini unaoyarusha pembeni. Lava mbili za aina moja ya mwamba zinaweza kuonekana moja nyeupe na nyingine nyeusi kwa sababu tu moja ilipoa ikiwa na magamba na nyingine ikiwa laini. Mchoraji asipolikumbuka hilo atachora mpaka wa miamba mahali ambapo hakuna.

Umri nao ni mgumu zaidi huko. Angahewa ya Zuhura ni nzito kiasi kwamba vimondo vidogo huvunjikavunjika kabla ya kufika chini, na sayari nzima ina kreta zisizozidi elfu moja, zilizotawanyika karibu sawasawa. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kukadiria umri wa wastani wa uso wote, lakini si kuitofautisha tambarare moja na jirani yake. Kinachobaki ni ile kanuni ya nani amekata na nani amefunika, na kwa kanuni hiyo nyanda zilizokunjamana na kupasukapasuka, zinazoitwa tesera, huonekana mara nyingi zikiwa zimezingirwa na lava zilizokuja baadaye.

Picha hizo za kale bado zina mengi. Mwaka 2023 watafiti wawili walilinganisha picha za Magellan za Februari na Oktoba 1991 katika eneo la mlima wa Maat Mons, wakaona kwamba tundu la volkano lilikuwa limepanuka na kubadilika umbo katika miezi hiyo minane. Ushahidi wa volkano hai ulikuwa umekaa kwenye kumbukumbu kwa zaidi ya miaka 30 ukingoja mtu wa kuziweka picha mbili sambamba.

SWALI: Je, imewahi kutokea ramani iliyochorwa kutoka angani ikaja kuthibitishwa kuwa na makosa na watu waliofika mahali penyewe?

JIBU: Ndiyo, na tukio hilo lastahili kujulikana na kila anayeipenda fani hii. Kabla ya Apollo 16, wachoraji waliyatazama maeneo ya nyanda za juu za Mwezi karibu na kreta ya Descartes, wakaona tambarare laini zilizojaza mabonde na vilima vilivyoviringana. Waliyatafsiri yote hayo kuwa kazi ya volkano, na tafsiri hiyo ikawa sababu kubwa ya kupachagua mahali pa kutua. Aprili 1972 John Young na Charles Duke waliposhuka na kuanza kuokota mawe, walikuta karibu kila mahali miamba ya vipande vilivyopondwa na kugandamana kwa nguvu ya migongano mikubwa. Tambarare zile zilitokana na vifusi.

Hata hivyo, mipaka iliyochorwa ilikuwa sahihi. Tambarare zilikuwa mahali zilipoonyeshwa, na zilikuwa juu ya miamba ile iliyosemwa kuwa chini yake. Kilichoanguka ni tafsiri ya chanzo chake. Kwa sababu hiyo maelezo ya ramani nzuri huandikwa kwa sehemu mbili. Kwanza huelezwa kinachoonekana, kwa mfano tambarare angavu, laini, yenye kreta chache. Baada ya hapo, peke yake, huja tafsiri: huenda ni lava. Anayesoma sehemu ya pili kana kwamba ni ya kwanza anaiongezea ramani uhakika ambao mchoraji hakuuweka.

Jambo la namna hiyo limerudi Jezero. Sakafu ya kreta ile ilizua mjadala kabla ya kutua, wengine wakisema ni mashapo yaliyotuama ziwani, wengine wakisema ni lava. Perseverance ilipoichunguza kwa vyombo vyake ilikuta miamba iliyotokana na moto wa ndani ya sayari, ikiwemo yenye madini mengi ya olivini. Mashapo ya ziwa yalikuwa mbele, kwenye delta. Lakini ziko pia nyakati ambapo ramani ya kutoka juu iliibuka na ushindi. Mars Global Surveyor ilionyesha hematiti ya kijivu katika tambarare ya Meridiani, madini ambayo mara nyingi hutokea mahali penye maji. Chombo cha Opportunity kilipelekwa huko, kikatua Januari 2004, na kikakuta hematiti hiyo katika vijiwe vidogo vya mviringo vilivyotapakaa ardhini, pamoja na mawe yaliyowahi kuloweshwa na maji.

SWALI: Nina kompyuta na intaneti, lakini sina shahada ya jiolojia. Naweza kuanza vipi?

JIBU: Picha na vipimo vya vyombo hivi vimewekwa wazi kwa umma, na unaweza kuvipakua bila malipo. Programu ya JMARS ya Arizona State University hukuwezesha kupandisha picha, kimo na joto vya eneo moja tabaka juu ya tabaka, na programu ya ramani ya QGIS hutosha kwa kuchora mistari. Zote mbili hazilipiwi.

Usianze na eneo kubwa. Chagua kreta moja ya Mirihi yenye kipenyo cha kilomita 20 au 30, ichukulie picha za CTX, kamera ya chombo cha Mars Reconnaissance Orbiter, ambazo kila pikseli ni mita 6 hivi, na uamue skeli moja ya kuchorea bila kuibadilisha, maana ukikuza sehemu moja kuliko nyingine utaichora kwa undani ambao ramani nzima haina. Tenga kwanza ukingo, sakafu, kilele cha katikati kama kipo, na vifusi vya nje. Andika kwa kila kimoja unachokiona kabla ya kuandika unachodhani. Halafu tafuta kila mahali ambapo kitu kimekata au kufunika kingine na ukiandike. Ukimaliza, mpe mwenzako picha ileile bila kumwonyesha mistari yako, naye achore yake, kisha mziweke pamoja na kuanza upya mahali ambapo mistari yenu haikukutana.